Mrejesho: skana haikuwaka kwenye soketi ya OBD

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini skana, kifaa cha kusoma hitilafu za gari, haiwaki nikiichomeka kwenye soketi ya OBD (ya kuunganisha na kompyuta ya gari) chini ya usukani. Pini ya 16 ya soketi, inayoleta umeme wa betri, haikuwa na umeme kabisa. Ardhi (upande hasi wa umeme) kwenye pini za 4 na 5 ilikuwa sawa. Kwa gari hili, fyuzi ya laita ya sigara, ampea 15, ndiyo inayolisha soketi hiyo, na ilikuwa imeungua: karatasi ya chingamu, ile yenye upande wa fedha, ilinasa ndani ya laita ikapiga shoti. Itoeni karatasi kwanza, ndipo mbadilishe fyuzi.

Tafadhali msitumie skana kufuta kodi za hitilafu (namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) muda mfupi kabla ya kupima moshi! Mkifuta, vipimo ambavyo kompyuta hiyo hujifanyia huanza upya, na huchukua muda kukamilika. Kipimo cha mvuke wa petroli huchelewa zaidi: kinataka injini iliyopoa usiku kucha, tangi kati ya robo na robo tatu. Kwa Nairobi, Thika Road alfajiri, mwendo usioyumba, husaidia vipimo kukamilika kuliko foleni ya Jogoo Road.