Fenda ya mbele imegoma kutoka upande wa mlango

Tairi_Nne:
Wakuu, fenda ya kushoto ya pikapu (bati la pembeni linalofunika tairi la mbele) imekunjika juu ya tairi, haigongeki tena. Mpya ninayo, ya chuma, imekuja na ule weusi wa kiwandani. Boliti zote za chini ya boneti nimefungua, ila nyuma karibu na mlango imeng'ang'ania. Kuna nyingine zimejificha wapi? Na rangi ni kabla ya kufunga au baada?

Chuma_Chakavu:
Usiivute mkuu, utakunja ukingo wa mlango. Fungua mlango wa mbele mpaka mwisho, uchungulie kwa tochi kwenye upenyo ulio juu ya bawaba ya juu. Kuna boliti humo, inafikiwa kwa ekstensheni ndefu, ile fimbo ya kurefusha soketi. Nyingine 1 au 2 ziko chini kabisa nyuma ya tairi, na hizo huzioni mpaka utoe plastiki ya ndani. Za mbele zimefunikwa na taa na bampa, kwa hiyo bampa ilitakiwa itoke kwanza. Gari nyingi za Kijapani ni soketi namba 10 na 12.

Zile za chini ndizo zinazosumbua maana zinakaa kwenye matope. Piga brashi ya waya, weka mafuta ya kulainisha kutu, ziache kwanza zinywe. Boliti ikianza kutoka halafu ikakaza, irudishe ndani nusu mzunguko ndipo uendelee. Ukiilazimisha, nati iliyochomelewa kwa ndani inang'oka, boliti inazunguka bure, na hapo ni kukata tu.

Zikiisha zote na bado imeshika, hiyo ni silanti, gundi ya kuzibia maungio. Kata kwa wembe. Kabla hujaendelea toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, sensa za eabegi ziko huko mbele. Chomoa na indiketa ya pembeni, wengi huikumbuka waya ukishakatika.

Gepu_Ndogo:
Naongezea. Ukikuta vibati vyembamba chini ya boliti usivitupe, ndivyo vilivyokuwa vinasawazisha. Weka alama kila kimoja kimetoka wapi.

Rangi: ijaribishe kwanza ikiwa kavu hivyohivyo, kwa sababu ukishaipaka duka halirudishi. Weusi ule mara nyingi ni kinga ya kutu, uparuze kwa msasa laini bila kuumaliza. Ikikubali, itoe, upake kingo na upande wa ndani ikiwa chini. Ukiipaka ikiwa imeshafungwa kwenye gari, mikunjo iliyo chini ya boneti na nyuma ya mlango hubaki mikavu, na kutu huanzia hapohapo.

Kufunga: boliti zote kwa vidole kwanza, na tepu ya karatasi kwenye ukingo wa mlango. Anza na gepu ya mlango, yaani nafasi kati yake na fenda, ndiyo isiyokuwa na msamaha. Milimita 4 hivi ni kawaida, ila kipimo chako halisi ni upande wa kulia wa gari hilohilo. Kaza kidogo, kisha fungua mlango taratibu huku ukitazama, maana ukingo wake wa mbele huingia nyuma ya fenda. Ukifaulu hapo, shusha boneti kwa mkono bila kuiachia, rekebisha boliti za juu. Taa na bampa mwisho. Boliti za milimita 6 zinatosheka na Nm 8 hadi 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Tairi_Nne:
Ya zamani imetoka, ilikuwa silanti kweli. Sasa mpya matundu ya mbele yanapishana kama milimita 6. Niyatanue?

Chuma_Chakavu:
Hapana. Pima mshazari kwenye chumba cha injini: tundu la nyuma kushoto hadi la mbele kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana kwa milimita kadhaa, fremu ya radieta au bati la ndani limesogea, na hilo linavutwa kwanza. Vikilingana, fenda ndiyo mbovu. Irudishe kabla hujaigusa na msasa.