Ushauri: Serikali imetupandishia gharama tulizoandika kwenye zabuni ya wauguzi, tukakosa mkataba (Marekani)

Kipimajoto
Wakuu, habari za muda huu. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko huku Marekani na mmewahi kufanya biashara na serikali.

Tuna kampuni ndogo inayopeleka wauguzi na mafundi wa maabara kwenye kliniki za serikali ya shirikisho. Jana imeingia barua kwamba zabuni tuliyoomba kapewa mwingine, na imeambatana na muhtasari wa tathmini wa kurasa chache. Kwa ubora tumefungana na mshindi. Kwa gharama sisi ndio tuliokuwa chini, ila wametuongezea hadi tukampita. Ile namba yao mpya wanaiita gharama inayotarajiwa.

Muuguzi tuliyemwandikia dola 41 kwa saa, wao wamemhesabu kwa dola 52, sababu ndivyo makisio yao ya ndani yanavyosema. Basi. Tuliambatisha barua za wauguzi waliosaini kwamba watafanya kazi kwa hizo 41, na baadhi yao wapo kwenye kliniki hizo hizo mpaka leo. Barua hazijatajwa hata kwa mstari mmoja. Sehemu ya kipindi cha mpito, yaani cha kupokea kazi mwanzoni, nayo wameipandisha, eti tumeweka hela kidogo mno.

Mwenzangu anasema tukilalamika ofisi ile haitatupa kazi tena maishani. Mimi naona tumeonewa. Nawasilisha.

Jongoo_Barabarani
Pole sana mkuu. Mwenye nguvu mpishe. Tafuteni zabuni nyingine.

Mama_Leja
Kipimajoto, mambo ya kumpisha mtu yaache kwanza, maana siku zinakwenda. Huo muhtasari usikulaze. Una siku 3 tangu ulipopokea barua kuomba kwa maandishi kikao cha maelezo, kile ambacho ofisi hukaa na aliyekosa na kumweleza kwa nini. Andika leo. Sio kesho.

Ukishapewa kikao, una siku 10 za kupeleka lalamiko GAO, ile ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge. Lakini ukitaka mkataba usimamishwe wakati lalamiko linasikilizwa, hesabu siku 5 tu kuanzia tarehe ya kikao waliyokupangia. Na usisubiri ya tano yenyewe, kwa sababu kinachosimamisha kazi ni taarifa ya GAO kuifikia ofisi husika, na GAO hujipa siku moja kuituma. Watu wamepoteza haki zao kwa siku hiyo moja.

GAO wakishapokea wana siku 100 za kutoa uamuzi.

Mpiga_Hesabu
Kabla hatujafika mbali: mkataba wenyewe ni wa aina gani? Wa bei isiyobadilika, au wa kurejeshewa gharama?

Kipimajoto
Mchanganyiko mkuu. Kazi ya wauguzi ni kurejeshewa gharama na ada juu. Kipindi cha mpito ni bei isiyobadilika.

Mpiga_Hesabu
Hapo sasa. Umesema wameipandisha na hiyo ya mpito?

Kwenye kurejeshewa gharama wana haki ya kukuongezea, tena kanuni za manunuzi za shirikisho zinawalazimisha kupima kama namba zako ni za kweli. Sababu ni kwamba ukiandika kidogo halafu ukatumia kingi, anayelipa ni serikali. Ila kwenye bei isiyobadilika ukipungukiwa hasara ni yako, kwa hiyo hawaruhusiwi kubadilisha namba uliyotoa. Wanaweza kusema bei yako ni ya hatari na kukushusha alama, lakini kuongeza dola juu yake, hapana. Hilo ni kosa la wazi na liwe hoja ya kwanza.

Hoja ya pili ni 52. Hapo usiende kubishana kwamba 41 ndiyo sahihi. GAO hawakai kupiga upya mahesabu ya mtu. Wanachouliza ni kama ofisi ilikuwa na sababu zenye mashiko na ikaziandika. Kuchukua makisio ya ndani na kumvisha kila mzabuni, bila kutazama yeye binafsi atafanyaje kazi, GAO wamekuwa wakilikataa miaka mingi. Barua za wauguzi wako ndio ushahidi kwamba hawakutazama.

Tahadhari: wauguzi wenye leseni kamili mara nyingi huhesabiwa kama wataalamu, na zabuni nyingi za huduma zina kifungu kinachoitaka ofisi ipime kama mishahara ya wataalamu ni midogo kiasi cha kuwakimbiza. Watajificha hapo. Soma kama kifungu hicho kimo.

Swali la mwisho. Ukiondoa nyongeza ya mpito peke yake, uko juu au chini ya mshindi?

Kipimajoto
Kifungu kipo. Tukiondoa ya mpito pekee bado tupo juu kidogo. Tukipunguza na ya wauguzi hata nusu tu, tunakuwa chini.

Mpiga_Hesabu
Basi hoja mbili ziende pamoja. Kosa lisiloweza kugeuza matokeo halikusaidii kitu, lazima uonyeshe ulikuwa na nafasi ya kweli ya kushinda. Hesabu hizo ziweke kwenye jedwali, ukurasa wa mwanzo.

Nahodha_Mstaafu
Na hili la kuchukiwa milele, mbona wakubwa wanalalamika kila siku? Mwaka 2009 kanda ya Kusini ya TRICARE, bima ya afya ya wanajeshi na familia zao, walipewa kampuni ya UnitedHealth. Washindani wao Humana wakaenda GAO na kusema punguzo walilonalo kwa madaktari na hospitali za mtandao wao halikuhesabiwa ipasavyo, wakati fedha nyingi za matibabu ziko pale. GAO wakawakubalia, na 2011 mkataba ukaishia kwa Humana.

Ila msidanganyike. Kwenye mzunguko wa karibuni Health Net walilalamikia kanda ya Magharibi kupewa TriWest, GAO wakakataa 2023, na tarehe 1 Januari 2025 TriWest wakaanza kazi. Kwa ujumla karibu nusu ya walalamikaji wa GAO hupata nafuu fulani, mara nyingi kwa sababu ofisi yenyewe inaamua kurudia tathmini kabla ya hukumu. Kurudia tathmini si kupewa mkataba. Wanaweza kurudi na 52 ile ile, safari hii wameandika sababu nzuri.

Jongoo_Barabarani
Kumbe. Naendelea kusoma.

Kipimajoto
Ombi la kikao nimeshatuma, asanteni sana. Shikamoo Mama Leja, swali dogo: tunaweza kwenda wenyewe bila wakili?

Mama_Leja
Marahaba. Mnaweza, sheria inaruhusu. Lakini karatasi za ndani za tathmini na zabuni ya mshindi hufunguliwa chini ya amri ya ulinzi, yaani ya kutunza siri, na wanaoruhusiwa kuziona ni mawakili waliokubaliwa na GAO. Ninyi wenye kampuni hamtaziona hata mkiwa na haki kiasi gani. Kama 52 imetoka hewani, itaonekana kwenye jedwali lililomo humo. Wakili anaweza pia kumwombea kibali mhasibu wa nje, na kwa kesi ya gharama mimi ningemlipa huyo mhasibu kabla ya kitu kingine.