Vijana wa gemu Arusha na Moshi: tuwaanzishe na Godot au Unity?

Mleta mada (Sakina, Arusha)

Wadau, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana kila anayefundisha vijana kutengeneza gemu huku kwetu analiamua kivyake, na anayebeba matokeo ni kijana. Kijana anayeanza, hana mtaji, kompyuta yake ni ya mtumba: tumfundishe injini gani, yaani programu ya kutengenezea gemu? Mimi nasema Godot, siyo Unity, na chuo chochote kinachoendeshwa kwa fedha za umma kiifanye kuwa ya kwanza.

Hoja yangu kubwa ni leseni. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mtengenezaji atalipa kila gemu yake inaposakinishwa. Kwa wenye leseni ya bure ilikuwa senti 20 za dola kwa kila usakinishaji, mara gemu ikishavuka mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000. Utaniuliza nani hapa Arusha amefika huko. Sijui mmoja, na siyo hoja yangu. Ninachokitazama ni kwamba masharti yalibadilishwa watu wakiwa katikati ya kazi, tena hata gemu zilizokwisha kutoka zingeguswa na usakinishaji mpya. Watengenezaji wakapiga kelele dunia nzima, mkurugenzi mkuu John Riccitiello akaondoka Oktoba ya mwaka huohuo, na Septemba 2024 tozo ikafutwa. Vizuri. Lakini waliofuta ndio walioweka, na mwenye nyumba akikusamehe kodi mwezi huu, nyumba inabaki yake.

Godot ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014 kwa leseni huria iitwayo MIT. Toleo ulilonalo leo ni lako: uza gemu kwa watu kumi au milioni, hakuna mtu wa kukudai. Kingine ni uzito. Programu yenyewe haifiki megabaiti 200 na haihitaji kusakinishwa. Unaibeba kwenye flashi, darasa zima linanakili. Unity ukiweka na sehemu ya Android unaongelea gigabaiti kadhaa. Kwa anayenunua bando la siku, hilo peke yake linaamua nani anajifunza na nani anabaki kutazama.

Mchangiaji (Moshi)

Kaka, nimekuelewa ila napinga. Mimi natengeneza gemu kwa Unity, kazi nazipata kwa wateja wa nje, na kodi ya nyumba hapa Pasua inalipwa na hiyohiyo Unity unayowatisha nayo vijana. Unity Personal ni bure hadi mapato ya dola 200,000 kwa mwaka. Hizo ni mamia ya mamilioni ya shilingi. Kijana wa Kiboriloni anayeogopa kuvuka hapo anaogopa utajiri.

Tazama mambo mawili ambayo hukuyagusa. La kwanza ni kazi. Studio za nje zinazochukua watengenezaji wa gemu za simu zinauliza Unity na C#, lugha ya kuandikia msimbo wake. La pili ni pesa ndani ya gemu. Wachezaji wetu hawanunui gemu, wanaangalia matangazo. Unity ina vifaa vyake vya matangazo na manunuzi, vinatunzwa na kampuni. Kwa Godot utategemea programu-jalizi, yaani vipande vya kuongezea, za watu wa kujitolea. Google ikibadilisha kitu, unasubiri mtu apate nafasi wikiendi. Umma wa nini kwenye hili? Kama serikali inalipia mafunzo, ilipie yanayoleta ajira.

Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Nafundisha mabinti waliomaliza kidato cha nne. Mleta mada, kwenye uzito hukumaliza hesabu. Hiyo faili ndogo ni ya kuanzia tu. Siku ya kutoa gemu ya Android unashusha violezo vya kutolea gemu (mafaili yanayogeuza kazi yako kuwa gemu kamili), halafu Java na vifaa vya Android vya Google, na bando linakwisha palepale. Mwanafunzi aambiwe mapema, asije akakata tamaa mwishoni.

Hata hivyo nafundisha Godot, kwa sababu ambayo hamjaitaja ninyi wawili: ipo kwenye simu. Tangu 2023 kihariri chake, yaani sehemu unayotengenezea gemu, kinapatikana Google Play. Wengi wa wanafunzi wangu hawana kompyuta nyumbani. Kioo cha simu ni kidogo na kuandika msimbo kwa vidole kunachosha, sikatai, lakini binti anakwenda nyumbani na kazi yake na kesho anarudi ameongeza kitu. Mwingine anatengeneza bao la kete, ameandika kanuni zote za kutakata (kucheza kete bila kula) akiwa kwenye daladala. Kwa Unity angesubiri zamu ya kompyuta.

Mchangiaji (Ngaramtoni)

Wakuu, mnagombania jembe. Gemu ya Balatro ya mwaka 2024 aliitengeneza mtu mmoja kwa LÖVE na lugha ya Lua, vitu ambavyo hapa hakuna aliyevitaja, na imeuzwa mamilioni ya nakala. Machalii wengi wa hapa wana gemu sita nusunusu na hakuna hata moja iliyokwisha.

Mleta mada

Dada wa Njiro, nashukuru, la violezo na vifaa vya Android ni kweli na ni zito. Dawa yake ni mwalimu kuvishusha mara moja na kuvigawa darasani kwa flashi, ila kila toleo la Godot lina violezo vyake, kwa hiyo darasa likubaliane toleo moja na lisihame katikati ya muhula.

Kaka wa Moshi, kwenye ajira sibishani nawe. Anayetaka kuajiriwa na studio ya simu ajifunze Unity, ila iwe hatua ya pili. Aliyeelewa mizunguko, migongano na jinsi ya kupanga mandhari hataanza sifuri, na Godot nayo inakubali C#. Na usidhani wanaohama ni wanaoanza tu. Studio ya Mega Crit, waliokuwa wakiijenga gemu ya Slay the Spire 2 kwa Unity, walihamia Godot baada ya ile tozo. Kwenye matangazo una haki: kama gemu yote inategemea matangazo, Unity inakuondolea kazi nyingi leo.

Ndugu wa Ngaramtoni, gemu nusunusu zinaniuma kuliko injini. Kikwazo kimoja kinajulikana: akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google Play, mbali na dola 25 za kujiandikisha, inatakiwa iwe na wajaribu 12 (watu wa kuijaribu gemu) kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijafunguliwa kwa wote. Kijana aliyejifungia chumbani Mbauda anawatoa wapi? Napendekeza madarasa ya Arusha na Moshi yajaribiane gemu, bila kujali zimetengenezwa kwa injini ipi. Nani yuko tayari kuanza?

Mchangiaji (Moshi)

Kwenye wajaribu nipo, hata kesho. Wanaokuja kwangu jioni wanafika idadi hiyo. Kwenye fedha za umma bado napinga. Weka hapa tangazo moja la kazi ya gemu za simu linalotaka Godot, tuendelee kutoka hapo.