Karnivali yenye madeni: Road Show, At the Circus au You Can't Cheat an Honest Man?

Kisima_cha_Picha:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wapenda picha za zamani.

Mtaani kwetu tuna ukumbi mdogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunawasha projekta, wanakuja wakubwa kwa watoto, na kijana mmoja anakaa pembeni na maikrofoni akitafsiri papo hapo. Safari hii nataka picha ya kuchekesha, nyeusi na nyeupe, ya enzi za Vita Kuu ya Pili, inayohusu watu wa maonyesho waliobanwa na madeni. Nimechuja nikabaki na tatu.

Ya kwanza ni Road Show ya mtayarishaji Hal Roach, 1941. Kijana tajiri, Drogo Gaines, anajifanya mwendawazimu ili akwepe kuoa mwanamke anayezimezea mate pesa zake. Uongo unaaminika mno, anafungiwa kweli hospitali ya vichaa. Humo anakutana na Kanali Carroway (Adolphe Menjou), wanatoroka, wanaangukia kwenye karnivali, yaani maonyesho ya kuhamahama, ya dada mmoja aitwaye Penguin Moore, ambayo iko taabani. Penguin ndiye Carole Landis.

Ya pili ni At the Circus ya ndugu wa Marx (Groucho, Chico na Harpo), studio ya MGM, Oktoba 1939. Kijana mwenye sarakasi anadaiwa dola 10,000. Pesa anazipata, halafu anaibiwa ndani ya treni kabla hajalipa.

Ya tatu ni You Can't Cheat an Honest Man, Universal, mapema 1939, miezi michache kabla vita havijaanza Ulaya. W. C. Fields ni Larson E. Whipsnade, mwenye sarakasi anayekimbizwa na masherifu, na binti yake yuko tayari kuolewa na tajiri ili amwokoe baba.

Mimi naegemea ya kwanza. Nataka mtu atoke ukumbini akiwa ameiona shida ya wale watu, sarakasi isiwe msumari tu wa kutundikia vichekesho. Nawasilisha.

Mwana_wa_Zuhura:

Mkuu, At the Circus. Kuna tukio la beji ambalo peke yake linatosha kujaza ukumbi. Mvua inamwagika, Groucho ni wakili, anafika kwenye treni ya sarakasi kusaidia. Chico anamzuia mlangoni kwa kuwa hana beji. Na Chico huyo huyo ndiye aliyemwita! Hakuna mtu wa kwetu ambaye hajawahi kuzuiwa getini na mlinzi anayemjua hadi jina la mama yake. Hapo mtafsiri wako anaweza kuweka maikrofoni chini akanywa maji.

Na mwisho wake je? Margaret Dumont, mama wa kitajiri na vito vyake shingoni, anafyatuliwa kutoka kwenye mzinga. Sokwe yuko juu kwenye bembea za hemani. Okestra nzima iliyoalikwa kuwapigia mabwana wakubwa muziki inakatiwa kamba, jukwaa linaelea kwenda baharini, na wao wanaendelea kupiga. Nimeiangalia mara nyingi na bado nacheka hadi machozi.

FundiProjekta:

Nimekalia kiti hicho cha kutafsiri miaka mingi, kwa hiyo naomba nizungumzie upande wa anayetafsiri, maana hapo ndipo usiku wako utasimama au kuanguka.

Groucho hatafsiriki kwa mdomo. Anasema maneno matatu yenye maana mbili ndani ya pumzi moja, na ukimaliza la kwanza yeye yuko la nne. Kuna wimbo wake maarufu wa mwanamke mwenye chale mwili mzima, muziki wa Harold Arlen na maneno ya Yip Harburg. Utani wote uko kwenye michoro yenyewe: vita vya Waterloo mgongoni, na mengine ambayo mtu wa Marekani wa 1939 aliyajua tangu shuleni. Ukieleza, wimbo umeisha. Usipoeleza, watu wanamwangalia mzee mwenye masharubu ya rangi akirukaruka.

Fields ni mgumu kwa namna nyingine. Ananong'ona pembeni ya mdomo. Nusu ya picha ni malumbano yake na mwanasesere Charlie McCarthy anayesemeshwa na Edgar Bergen, na ugomvi huo Wamarekani walikuwa wameuzoea redioni tangu 1937. Walikuja sinema wakiwa tayari wamechukua upande. Sisi tunakuja mikono mitupu. Ila sherehe ya nyumbani kwa matajiri ni dhahabu: Whipsnade anasimulia habari za nyoka, na kila akitaja nyoka mwenye nyumba anazimia. Hiyo hata bubu anaitafsiri.

Road Show inakwenda polepole zaidi. Charles Butterworth anaongea kama mtu anayetafuta neno mfukoni, anakupa nafasi ya kumaliza sentensi yako. Kwa kiti changu, hiyo ndiyo rafiki wa mtafsiri.

Bi_Salma:

Wanangu, hamjambo. Mmeongea vizuri, lakini kuna jambo nataka aliyeleta mada alifikirie kabla hajaketisha watoto.

Picha hizi zote zina watu weusi ndani, na zote zimewapa nafasi ile ile ya wakati ule. Katika Road Show yumo Willie Best. Alikuwa na kipaji cha kweli, angalia macho yake na jinsi anavyochelewesha jibu. Ila Hollywood ilimpa kazi moja tu, ya kuwa mwoga na mvivu, na mwanzoni waliwahi kumwandika kwenye orodha ya waigizaji kwa jina la dharau. Humo humo kuna mtu anaigiza Mhindi Mwekundu, naye ni George E. Stone, mzaliwa wa Łódź, Poland. At the Circus nayo ina kipande kirefu ambapo Harpo anazungukwa na watu weusi wakiimba na kucheza, wanatokea ghafla kutoka mahema ya nyuma kisha wanarudi huko huko.

Sisemi msionyeshe. Nasema mtafsiri asipite kimya. Na wakifika The Charioteers, apunguze sauti yake kabisa. Ni waimbaji weusi, kundi lao lilianzia Wilberforce, Ohio, na nyimbo za Road Show wanamoimba zina mkono wa mtunzi Hoagy Carmichael. Wanapoimba hawamchekeshi mtu. Ni dakika chache, lakini hawakukaa pale kama pambo.

Kisima_cha_Picha:

Bi Salma, shikamoo, na ahsante sana. Nimeandika pembeni. Nitaongea na kijana wa maikrofoni mapema, tutayapanga maneno ya kusema tukifika kwa Willie Best.

FundiProjekta, umenitoa tongotongo kuhusu Groucho. Sikuwa nimeliwaza.

Kumbukumbu_ya_Reli:

Naona bado tunalinganisha mizaha. Mimi nataka tulinganishe walioitunga.

Mmoja wa waandishi wa Road Show ni Harry Langdon. Katikati ya miaka ya 1920 Langdon alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wakubwa wa picha zisizo na sauti. Kisha akaamua kuongoza picha zake mwenyewe, watazamaji wakamkimbia, na ndani ya miaka michache jina likawa limezimika. Mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa kwa Hal Roach akitunga vichekesho vya wengine, vikiwemo vya Laurel na Hardy.

Sasa nenda MGM, kwenye At the Circus. Aliyekuwa nyuma ya kamera akitunga vichekesho bila jina lake kuandikwa ni Buster Keaton, nyota mwingine mkubwa wa picha zisizo na sauti. Ndiyo, huyo huyo. Studio ileile iliyokuwa ikimlipa maelfu ya dola kwa wiki ilikuwa sasa inampa 100.

Kwa hiyo picha mbili kuhusu maonyesho yanayokufa, na kila moja ina mchekeshaji ambaye onyesho lake mwenyewe lilishakufa. Nikikumbuka hilo siwezi kuziangalia kama picha za kupitisha jioni. Lakini tazama tofauti. Keaton alikuwa mtu wa mwili, wa kuanguka na kunyanyuka, akapewa kundi linaloishi kwa maneno, na Groucho hakuvutiwa na mapendekezo yake. Langdon alikuwa mtu wa utulivu, mtoto mzee anayeshangaa dunia, na Road Show imejaa watu wa aina hiyo, vichaa wapole wasiomdhuru mtu. Nahisi mkono wake humo. Keaton simwoni ndani ya At the Circus ila kwenye machafuko ya mwisho hemani.

Na hali ya Roach mwenyewe tuikumbuke. Aliachana na MGM 1938 akahamia United Artists. Laurel na Hardy waliondoka 1940. Vita vilikuwa vinafunga masoko ya Ulaya, pesa ya nje ikakauka. Road Show aliiongoza mwenyewe, na mwaka ule ule akaanza kutoa vipicha vya kama dakika 45 ili kubana gharama. Mwaka 1942 jeshi likamwita, na studio yake ya Culver City ikawa ya kutengenezea filamu za jeshi la anga. Ronald Reagan alifanya kazi humo. Ukijua hayo, ile karnivali ya Penguin inayohangaika kulipa bili inaonekana kama picha ya kiwanda kilichoitengeneza.

Tochi_ya_Usiku:

Mbona hamjataja Jitterbugs? Laurel na Hardy, Fox, 1943, vita vimepamba moto. Wao ni bendi ya watu wawili, gari linaishiwa petroli katikati ya nyika, anatokea kijana anayedai ana vidonge vya kugeuza maji kuwa petroli, wanakwenda kuviuza kwenye karnivali. Wakati ule petroli Marekani ilikuwa kwa mgawo, gari la kawaida likipata galoni nne tu kwa wiki, baadaye tatu, na mwendo mwisho maili 35 kwa saa. Halafu mtu anakuja na kidonge! Umati unavyovigombania unachekesha na unatia huruma kwa pamoja. Stan Laurel akivaa gauni na kuwa shangazi, mtafsiri hana kazi.

Kumbukumbu_ya_Reli:

Tochi, naipenda Jitterbugs, na kama mada ingekuwa vita ningeichagua leo. Ila karnivali ndani yake ni kituo cha kupita. Wanauza vidonge, wanakimbia, na baadaye tuko New Orleans kwenye meli. Hakuna anayeishi pale. Mleta mada anataka onyesho lenyewe liwe nyumba ya mtu.

Mwana_wa_Zuhura:

Hapo nakubali kwa shingo upande. Ndani ya At the Circus deni la dola 10,000 ni kamba ya kuvutia hadithi. Hatuoni mfanyakazi hata mmoja akiulizia mshahara wake. Kenny Baker, mwenye sarakasi mwenyewe, anaimba nyimbo za mapenzi huku akikaribia kufilisika.

Ila bado natetea beji.

Bi_Salma:

Na Fields je, mbona mmemwacha? Kwangu yeye ndiye anayesema ukweli kuhusu umaskini wa sarakasi. Anasimama dirishani kuuza tiketi na kuwapunja watu chenji. Anaruka mpaka wa jimbo ili sherifu asimpate. Mzee mchafu, mkali, lakini binti yake akitaka kujiuza kwenye ndoa kwa ajili yake, kuna kitu kinalainika. Deni lake linanuka jasho. La Road Show linaokolewa na ukweli kwamba kijana shujaa ni tajiri tangu mwanzo.

FundiProjekta:

Bi Salma amegusa penyewe. Road Show ilitokana na riwaya ya Eric Hatch, na Hatch ndiye mwandishi wa My Man Godfrey, hadithi nyingine iliyotengenezewa picha. Ni wazo lilelile: tajiri anashuka kwa maskini, anajifunza utu, mfuko wake unabaki salama. Namsamehe kwa sababu moja tu: mwenye karnivali ni mwanamke anayetoa amri, na Landis anaicheza kama mtu anayejua bei ya kila kamba. Baada ya picha ile alizunguka kuwatumbuiza wanajeshi Uingereza na Afrika Kaskazini, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Alifariki 1948, akiwa na miaka 29 tu.

Jambo la mwisho, na hili ni la usalama. Tarehe 6 Julai 1944, huko Hartford, Connecticut, hema la sarakasi ya Ringling liliungua maonyesho yakiendelea. Turubai lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisivuje. Walikufa zaidi ya watu 160, wengi wao watoto na akina mama. Mkuu, najua ukumbi wako una mapazia ya nailoni na mlango mmoja. Fungua na ule wa nyuma, na waya wa projekta usipite njiani.

Kisima_cha_Picha:

Nimerudi wakuu. Jana nimewaita majirani sita na kijana wa maikrofoni, nikawaonyesha nusu saa ya Road Show na nusu saa ya You Can't Cheat an Honest Man.

Kwa Fields walicheka zaidi, sitaficha. Habari ya nyoka iliwavunja mbavu, mama mmoja aliomba irudiwe. Lakini kijana alichoka mapema, kila mwanasesere akifungua mdomo alinigeukia mimi. Kwa Road Show walitulia. Walipofika The Charioteers kijana alinyamaza kama Bi Salma alivyoelekeza, na jirani yangu, fundi seremala, akaanza kugonga mdundo kwenye kiti. Baadaye akauliza: hawa wanalipwa na nani, mbona karnivali haina kitu?

Swali hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Jumamosi ni Road Show. Kabla yake nitaweka tukio la beji, kwa heshima ya Mwana_wa_Zuhura. Fields atakuja mwezi ujao, na hapo Bi Salma naomba uje wewe mwenyewe uketi pembeni ya mtafsiri.

Mlango wa nyuma tumeufungua, ulikuwa umezibwa na kabati. Kilichobaki ni shuka kubwa jeupe, letu limepata doa katikati, na doa hilo linamkaa Menjou usoni kila akisimama. Aliye karibu na anaweza kuazima anitumie ujumbe.

Bi_Salma:

Ninalo la futi sita kwa nane, safi. Njoo ulichukue Ijumaa baada ya swala.