Mnaouza intaneti Kabare: hiyo radi mnaialika wenyewe

Mabosi na mafundi wa mitandao midogo ya Bukavu na Kabare, mashariki mwa Kongo, uzi huu ni wenu. Mvua za Septemba zikirudi, wimbo ni uleule: «radi imepiga, subirini wiki mbili». Kisha forfe (kifurushi cha intaneti) inapanda, eti vifaa ni ghali. Kwa hiyo mama wa Kabare analipia mega na kutu ya nondo zenu, zile za kupeleka radi ardhini.

Radi ya Kabare si habari mpya. Vipimo vya satelaiti vya NASA vilivyochapishwa 2016 vinaiweka ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Halafu mtu anasimamisha mnara huko na kuchomeka ardhini kipande cha chuma cha kujengea, nusu mita!

Wengine wanajitahidi, na ndio wanaoniudhi zaidi. Nondo nzuri ya mnara, nondo nyingine nzuri ya nyumba, hazijaunganishwa. Radi ikipiga hata jirani, ardhi ya mnara (nondo na udongo wake) inapanda maelfu ya volti juu ya ile ya nyumba, na daraja pekee kati yao ni kebo ya mtandao. Redio (kile kifaa cha mnarani kinachorusha intaneti) inaungua, ruta inafuata, inverta pia.

Piga nondo tatu za shaba za mita 2.4, zikiachana angalau urefu huohuo, zifungwe kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, bila kona kali. Ungeni na ardhi ya nyumba. Lengo: ukinzani wa ardhi, yaani inavyouzuia umeme kupita, uwe omu 10 au pungufu. Kwenye mwamba nondo haziingii: chimbeni mtaro, mlaze waya mrefu kwenye udongo wenye unyevu. Kebo ya mtandao iwe ya ngao (ganda la chuma ndani yake), na vichwa vya chuma. Ngao iliyofungwa kichwa cha plastiki ni mapambo. Kinga za radi, vile vifaa vya kwenye kebo vinavyoimwaga ardhini, ziwe mbili, juu kando ya redio na chini kabla ya ukuta. Ya chini peke yake hailindi redio.



Mwenye mnara aweke hapa omu zake. Vipimo vya masika msituletee, udongo ukilowa kila nondo inafaulu. Pimeni Julai.