Naomba ushauri: kijana kiziwi katika kikosi chetu cha matengenezo ya barabara

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mingoyo, Lindi. Ninasimamia kikosi cha watu 24 wanaozibua makalavati na kufyeka kandokando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ile iliyokatika Somanga mwezi Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya. Tangu hapo hakuna wa kutufundisha thamani ya mtaro safi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, nasi tulimpata kijana kiziwi, hodari wa kupanda nyasi za vetiva za kushikilia udongo wa tuta (mistari yake imenyooka kuliko yangu, nakiri). Juzi lori lilipiga honi, wenzake wakarukia mtaroni, yeye akaendelea kuchimba hadi nilipomvuta rifleta (kizibao chake cha kung'aa). Sasa mwajiri anataka abaki kambini akichemsha chai, jambo ambalo kwangu ni kumficha, si kumlinda.

Nimefikiria apangiwe mwenzake wa kumgusa bega, na koni zitangulie mbali zaidi. Je, mwenye uzoefu ametumia kifaa cha kuvaa mkononi kinachotetema, na kilistahimili vumbi na jasho? Na ni wapi, Lindi au Mtwara, nitampata mkalimani wa lugha ya alama atakayewafundisha wenzake ishara za hatari, kabla mvua za masika hazijatukuta?