Usiku 14 Ulaya, miji saba: ratiba hii inabebeka?

Dada_Majengo, Moshi
Habari za jioni wakuu. Naomba mnikosolee ratiba kabla sijalipia chochote. Ni Juni, watoto wakiwa likizo. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 9 na mama mkwe wa miaka 66. Tunaondokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), usiku 14. Amsterdam 2, Paris 3, Zurich 1, Milano 1, Venice 2, Florence 2, Roma 2, halafu tunarudi Amsterdam usiku 1 kupanda ndege ya nyumbani. Kwenye ramani treni zinaonekana fupi. Mama anatembea vizuri, ila ngazi nyingi zinamuumiza magoti. Nipunguze wapi? Na viza tuombe ya nchi gani?

Kijenge_Juu, Arusha
Dada, usihesabu miji, hesabu kuhama hoteli. Hapo unahama mara saba. Chukua Amsterdam kwenda Paris, ambayo ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Treni yenyewe ni kama saa tatu na dakika ishirini. Ongeza kufunga mabegi na chai kwa watu wanne, saa moja na nusu. Kutoka hotelini hadi Amsterdam Centraal, dakika 30 hadi 45. Kufika mapema ili mpate behewa lenu bila kukimbizana, nusu saa. Ukishuka Gare du Nord, hadi hoteli ni dakika 45 nyingine. Jumla ni karibu saa saba, na siku imekwisha. Ukifika mapema nako, vyumba vingi havifunguliwi kabla ya saa nane au tisa mchana, mtaacha mizigo mapokezi.

Kwa hiyo kuhama mara saba ni kama siku saba kasoro kidogo za kubeba mabegi. Kulala usiku mmoja Zurich na mmoja Milano hakukupi mji wowote, kunakupa stesheni mbili. Venice nayo inavuka maji kwa madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi, na sanduku mkononi. Kwa magoti ya mama, hiyo iondoe bila kufikiri mara mbili.

Na ile safari ya Roma kurudi Amsterdam inaua siku nzima bure. Unapotafuta tiketi usichague kwenda na kurudi. Chagua safari ya miji mingi: KIA hadi mji wa kwanza, Roma hadi KIA. Iwe tiketi moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa shirika liwajibike kuwapandisha inayofuata.

Njiro_Ratiba, Arusha
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza mambo ambayo huwa yanaharibu ratiba za watu wa huku.

Tofauti ya saa isikutishe. Juni Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Kinachochosha ni usiku wa kukaa kwenye kiti cha ndege. Siku ya kufika msiwekee tiketi ya saa maalumu mahali popote. Ogeni, kuleni, tembeeni mtaa mmoja, basi.

Juni jua la Paris linazama karibu saa nne usiku. Mtoto hatalala, na nyinyi mtadhani muda bado upo. Mkilala saa sita siku tatu mfululizo, ya nne hamuamki. Fungeni mapazia mapema.

Angalia siku za kufungwa kabla hujapanga mji upi uangukie lini. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Kasri la Versailles na makumbusho ya Musée d'Orsay Jumatatu. Makumbusho ya Uffizi ya Florence pia Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo foleni yake si ya kumpeleka mzee. Kwa siku moja weka kitu kimoja kikubwa asubuhi, mchana mpumzike, jioni kitu chepesi. Vikubwa viwili kwa siku na mtoto wa miaka 9, cha pili atakiona amebebwa mgongoni.

Saa za tiketi ni za mfumo wa saa 24. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 18:40 ni saa 12:40 jioni. Ziandike kwenye karatasi kwa saa zetu, kila mtu awe na nakala yake.

Dada_Majengo
Asanteni sana. Venice na Milano nimefuta. Tatizo ni Uswisi: mama anataka kuona milima yenye theluji kwa karibu, hilo siwezi kulikata. Nimeona kuna treni inapanda hadi Jungfraujoch.

Kijenge_Juu
Basi toa Amsterdam, Uswisi ibaki. Jungfraujoch ni mita 3,454. Kwa kipimo cha nyumbani, yaani kambi za Mlima Kilimanjaro, hapo ushapita Mandara, unaikaribia Horombo, na treni inakufikisha asubuhi moja. Wapanda mlima kwa njia ya Marangu hufika Horombo siku ya pili, na wanaoongeza siku ya kuzoea hukaa hapohapo. Kwa mtu wa miaka 66 aulize daktari kwanza. Mlima Rigi, karibu na Lucerne, unatosha: kilele ni mita 1,798, karibu sawa na lango la Marangu. Mnapanda meli Lucerne hadi Vitznau, kisha treni ya meno inapanda hadi juu. Theluji mtaiona kwenye milima ya mbele yenu, na mama hapandi ngazi za kumchosha.

Ratiba ningeiweka hivi: Paris 5, Lucerne 3, Florence 2, Roma 4. Mnahama mara tatu. Paris hadi Lucerne mnaondokea Gare de Lyon (si Gare du Nord, watu hukosea hapo), mnabadilisha Basel, karibu saa nne na nusu. Lucerne hadi Florence ndiyo siku ndefu, mnabadilisha Milano. Acheni walau dakika 40 Milano Centrale, kwani treni ya kutoka Uswisi ikichelewa robo saa, ya pili haiwasubiri. Florence hadi Roma ni saa moja na nusu tu.

Mama_Viza, Moshi
Ya viza: ni ya Schengen, moja inayotumika kwa nchi zote hizi, na unaomba nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa ratiba hiyo Italia ni usiku 6, Ufaransa 5, kwa hiyo Italia. Ukihamisha usiku mmoja tu kutoka Roma kwenda Paris, inageuka Ufaransa. Ndiyo maana ratiba inafungwa kwanza, maombi baadaye. Siku zikilingana, unaomba nchi unayoingilia.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Msisubiri mwisho, Juni foleni za miadi ni ndefu, na Dar es Salaam mnakwenda wenyewe kutoa alama za vidole. Mtoto wa chini ya miaka 12 hatoi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, yenu jumla 315. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na tarehe zake zifunike siku ya kuondoka na ya kurudi.

Uingereza haimo kwenye viza hii. Akitokea mtu wa kukushauri mruke London siku mbili, hiyo ni viza nyingine, na ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Njiro_Ratiba
Nyongeza ndogo: kila mtu sanduku moja la kilo 12 hivi, mfue nguo Paris na Florence. Tafuta hoteli yenye lifti, na uiulize hoteli yenyewe, maana majengo mengi ya zamani hayana. Mama abebe khanga mbili kwenye mkoba: Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, hawaingizi mtu mwenye mabega au magoti wazi, hata joto liwe kali vipi. Tiketi za Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, huandikwa jina la kila mtu na hukaguliwa mlangoni, kwa hiyo ziandikwe kama pasipoti, herufi kwa herufi.

Dada_Majengo
Nimebadilisha: Paris 5, Lucerne 3, Florence 2, Roma 4. Tunaingia Paris Jumatano, kwa hiyo Louvre Alhamisi asubuhi na Versailles Jumamosi. Kesho naanza na tiketi ya ndege.